Yupo Jikoni

Jumatano usiku

Barua ya onyo nitaiandika, lakini si leo.

Nimetoka Gairo kukagua mgahawa wa Zuhura, tuliyemruhusu kwa mkataba atumie jina la mama, Bi Tausi. Kibao kina nembo yetu tuliyosajili, na pilau ina mdalasini wa Matombo kama tulivyokubaliana. Nilishaanza kuridhika. Mara mteja mmoja akauliza, "Bi Tausi mwenyewe yupo leo?"

Zuhura akajibu bila kupepesa macho, "Yupo jikoni."

Mama tulimzika kabla mgahawa huo haujafunguliwa. Jina tulimpa Zuhura, uongo hatukumpa. Hayo ndiyo niliyotaka kumwambia, na hasira zilishanipanda.

Ila yule mteja aliendelea kula. Aliyegeuka kuangalia mlango wa jikoni ni mimi.