Tangazo Lililotoka Bila Muhuri

Igamba, Mbozi
13 Mei 2025

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia kutoka huku Igamba, ambako baridi ya asubuhi imeanza kung'ata na kahawa imeanza kuiva kwenye miti ya upande wa jua. Mimi mzima, nakula nashiba, na Mama akiuliza mwambie ndiyo, sweta navaa. Goti lako linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua unaitumia, au umeiweka dirishani unaitazama tu? Maharage ya bondeni je, mvua imeyaachia kitu? Nawasalimu wote hapo nyumbani Ileje, na jirani zetu wote.

Barua hii anakuletea kaka Aliko mkononi. Ningeweza kupiga simu, lakini simu ya Mama ikipigwa inasikika mpaka ng'ambo ya mto, na haya ninayotaka kusema ni ya kwako.

Najua, Baba, ulishasema habari za ushirika wa Igamba zisitajwe mbele ya chakula chako. Ulikuwa katibu wao, ukaacha, ukarudi Ileje, na mpaka leo hakuna aliyethubutu kukuuliza kwa nini. Nilipokuambia mwezi wa kwanza kwamba wameniajiri, uliitikia tu, ukatoka kwenda kutazama ng'ombe. Tangu hapo hujaniuliza hata neno moja kuhusu kazi yangu. Ukiniona unanisalimia vizuri, lakini unanisalimia kama mtu aliyekuja kuuza sabuni. Mimi nimechoka, Baba. Namtaka baba yangu. Ndiyo maana naomba uisome barua hii mpaka mwisho, hata ukikasirika katikati.

Kazi waliyonipa ni hii. Ushirika una tovuti, yaani ukurasa wake kwenye mtandao, ambao mtu yeyote duniani anaweza kuufungua kwa simu. Kuwa nayo wanayo, lakini jamani! Tangazo la mwisho lilikuwa la msimu wa mwaka 2021. Mnunuzi akifungua alikuwa anakaribishwa kwenye mkutano uliokwisha zamani, na picha ya Mwenyekiti, Mzee Hezron, ilikuwa imelala ubavu. Bodi wakaniambia nitafute mfumo mpya wa kuiendesha, niwaletee mapendekezo kabla ya kahawa kuanza kumenywa. Wakasema pia kwamba mwisho wa hiyo kazi ndio watajua kama nabaki au naenda.

Sasa nikueleze mifumo yenyewe, maana najua utataka kujua ingawa utajifanya hutaki. Ile ya zamani, mahali unapoandikia ndipo hapohapo tangazo linapoonekana. Ukitaka lionekane na kwingine, unaandika upya. Hii ya siku hizi mafundi wanaiita mifumo isiyo na kichwa. Usishtuke, si uchawi. Maana yake ni kwamba mfumo hauna sura yake. Unatunza maneno tu, ukiwa umeyagawa vipande: habari yenyewe, siku, mahali, nani ametoa. Halafu kila chombo kinakuja kuchukua na kuonyesha kwa sura yake. Unaandika mara moja, na tangazo linatokea kwenye tovuti, linakwenda kwa ujumbe wa simu kwa wanachama wote, na linatokea kwenye televisheni tuliyoifunga ukutani katika duka letu la Tunduma, kwa ajili ya Wazambia wanaopita na salamu zao za "mulishani" kuonja kahawa.

Nilipata mifumo mitatu ya kujaribu. Wa kwanza alituletea kijana mmoja wa Mbeya, anaitwa Brian, anayetengeneza tovuti. Ulikuwa mzuri, unateleza, lakini maneno yetu yote yangekaa kwenye mitambo ya ng'ambo, na mtandao wa Igamba unavyojua kususa, siku nyingine tusingeweza hata kuufungua. Wa pili ndio nilioupenda mimi. Baba, niliupenda! Ulikuwa na rangi, una haraka, ukibonyeza tu mambo yamekwenda. Wa tatu ulikuwa na sura ya fomu ya hospitali. Unakaa kwenye kompyuta yetu wenyewe, vitufe vyake unaviandika kwa Kiswahili, na una tabia moja iliyoniudhi: mtu akiandika tangazo haliendi popote mpaka mtu wa pili aingie na kulikubali.

Huo wa tatu ndio uliomfurahisha Mama Tumpale, karani wetu, anayeandika matangazo yote. Aliuzoea kwa asubuhi moja. Akaniambia kwamba hapa ofisini hakuna karatasi iliyowahi kutoka bila muhuri wa mwenyekiti, na kwamba mfumo huu unajua adabu. Mimi nikamjibu, tena kwa kiburi, kwamba mambo ya muhuri yamepitwa na wakati, watu wanataka haraka. Yule mama akaendelea kumenya chungwa lake. Unajua mwanao ninavyoweza kuwa mjuaji.

Alhamisi iliyopita nikaamua kuujaza ule mfumo wa pili, kipenzi changu, ili Jumatatu bodi wauone ukifanya kazi. Mifumo hii ukiichukua inakuja na maneno ya kujazia tu, yasiyo na maana, na mimi nilitaka niwaonyeshe tangazo la kweli. Kwa hiyo nikaandika tangazo ninalolijua. Lilisema wanaushirika wote wafike Jumamosi saa moja asubuhi kwenye mtambo wa kumenyea kahawa, kila mmoja na jembe au panga, kuzibua mfereji wa maji, na asiye na jembe aje na mikono yake. Nikabonyeza kitufe cha kuchapisha, nikitaka nilione kwenye tovuti ya majaribio.

Nilikuwa nimesahau kitu kimoja tu. Siku iliyotangulia nilikuwa nimeunganisha orodha ya simu za wanachama.

Simu ya Mama Tumpale ikalia mezani. Ikafuata ya mlinzi nje. Ikafuata ya Mwenyekiti chumba cha pili. Halafu dirishani nikasikia za watu waliokuwa wamekaa kusubiri mbolea, moja baada ya nyingine, nikaelewa. Watu mia sita na kumi na wawili, Baba, wameitwa kwenye msaragambo ambao haupo, na binti yako.

Mzee Hezron alitoka na simu mkononi. Alisoma mara ya kwanza, akasoma mara ya pili hadi mwisho, na hakunifokea. Nilimwambia natuma ujumbe mwingine sasa hivi, kwamba lilikuwa kosa. Akasema nisitume. Akasema mfereji ule umeziba kweli, misimu miwili sasa mtambo unameza maji kwa kijiko, na mikutano mitatu imekubaliana kuuzibua bila hata mmoja kwenda. Wakija kumi, akasema, ni kumi. Mimi niliingia stoo nikalia kati ya magunia, nikijua kazi ndiyo imekwisha.

Jumamosi nilifika saa kumi na mbili na nusu, peke yangu, na jembe la kuazima. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Nikasema moyoni, haya Tusekile, leo utachimba mpaka Ileje.

Weee, Baba! Kabla ya saa moja nikasikia watu wakija kutoka barabarani. Walikuja kwa miguu, walikuja kwa bodaboda wakiwa watatu na majembe yamewatoka pembeni, walikuja na fuso kutoka Nanyala wakiimba Kinyiha. Kina mama walikuja na masufuria ya maharage na unga. Kwaya ya kanisani ilikuja nzima na mwalimu wao, Goodness, akaipanga kwa sauti hata kwenye mfereji: sauti ya kwanza juu, besi kule kwenye matope. Hata Brian alikuja na viatu vyake vyeupe. Saa mbili hakuna aliyejua viliwahi kuwa na rangi gani. Tulicheka siku ile mpaka mbavu zikauma. Wazee walibishana mfereji wa zamani ulipita wapi, vijana wakachimba kote kuwili kuwanyamazisha. Mikono yangu ina malengelenge sita, nayapenda yote.

Saa saba mchana maji yakaja. Yalikuja kwanza meusi, na majani, na ndala moja, halafu yakaja meupe, na watu wakapiga kelele utadhani ni harusi. Mzee Hezron aliingia ndani ya mfereji na suruali yake ya kitambaa, na hakuna aliyemzuia.

Jumatatu nikasimama mbele ya bodi. Niliwaeleza mifumo yote mitatu bila kuficha, na nikapendekeza ule wa tatu, wenye sura ya fomu ya hospitali. Niliwaambia kwamba Alhamisi Mungu alinihurumia, lakini siku nyingine kidole changu kinaweza kuwaita watu kwenye jambo la hatari, au kuwapa bei isiyo ya kweli, na mimi sitaki tena kuwa mtu pekee kati ya neno na simu mia sita. Nikamwomba Mama Tumpale msamaha mbele ya watu. Wakakubali mfumo huo kwa kauli moja. Wakasema nabaki, Baba, kazi ni yangu. Mama Tumpale akanipa chungwa.

Sasa nafika kwenye lile lililonifanya niandike. Kaa vizuri.

Maneno ya lile tangazo hayakuwa yangu. Nilipokuja nyumbani Pasaka, Mama alinituma nikatoe blanketi kwenye sanduku lako la bati, na chini ya blanketi nikaliona daftari lako la ukatibu. Nililichukua bila kukuomba, nikaja nalo huku. Niliiba, nisitafute neno jingine. Nililisoma lote. Nilipokuwa napanga vile vipande vya mfumo, habari, siku, mahali, cha kuja nacho, mtoaji, sikuvitoa kwenye kitabu chochote cha mafundi, nilivitoa kwako. Kila tangazo lako ulikuwa umeshaligawa hivyo hivyo, miaka yote hiyo, kwa kalamu. Na tangazo nililoandika Alhamisi ni lile la mwisho katika daftari, la mwaka 1998. Nililinakili neno kwa neno, pamoja na ile "aje na mikono yake", na chini nikaacha kama ulivyoandika: Katibu, A. Kibona. Ndivyo lilivyowafikia watu.

Na chini ya tangazo hilo, Baba, nilisoma pale ulipoandika kwa penseli: Hakuja mtu.

Nililia niliposoma. Sikujua. Hakuna aliyetuambia kwamba ulichimba peke yako mpaka jua la utosi, ukaenda nyumbani, ukaandika barua ya kuacha kazi. Mzee Hezron ndiye aliyenisimulia yaliyobaki, jioni ya Jumamosi, tumekaa kwenye majani matope yametukauka. Alisema mwaka ule alikuwa bado kijana, alipita na baiskeli akakuona mferejini peke yako, akageuza njia ili usimwone. Alisema ndiyo sababu hakutaka nitume ujumbe wa kusahihisha, kwa sababu alipoona jina lako kwenye simu alidhani umemwita mara ya pili.

Hakuwa yeye peke yake. Mzee Sadoki wa pale mlimani, yule wa fimbo, alifika wa kwanza kabisa baada yangu, akapita kila mtu akiuliza Katibu yuko wapi. Nilipomwambia mimi ni binti yake, alinishika mikono yote miwili. Alisema mwaka ule tangazo alilisikia likisomwa kanisani, na asubuhi akakaa mlangoni na jembe lake, akingoja aone wengine wakipita. Jirani yake naye alikuwa mlangoni, akimngoja yeye. Akasema safari hii hakungoja mtu. Alizibua hatua kumi na mbili kwa mkono wake, na aliniomba nikuambie idadi, kwa hiyo nakuambia.

Nisamehe kwa daftari, Baba. Nisamehe kwa kulitumia jina lako bila ruhusa. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie, lakini nikasirikie kwa sauti, uniite kwa jina, niachane na ugeni huu. Aliko anakurudishia daftari pamoja na barua. Nimeongeza mstari mmoja tu, chini ya ule wako wa penseli, kwa kalamu ili usifutike: Wamekuja watu mia mbili na kumi na wanne.

Mpe Mama salamu zangu nyingi, mwambie blanketi lile nililikunja vizuri. Wasalimu wote wanaonikumbuka, na Mungu awatunze mpaka tutakapoonana.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Tusekile A. Kibona