Trekta Iliyonipeleka Kanisani

Mjukuu wangu Naomi,

Huku Brussels tuko wazima, na babu yako amepona kifua. Umeniuliza kama nami niliwahi kukataa neno la wakubwa. Ndiyo, asubuhi ya ndoa yangu, miaka ile ya tisini.

Theluji ilikuwa imefunga mtaa wetu wa Forest. Babu yako alikuwa ameshatangulia kanisani. Tonton, mjomba wangu aliyenilea, ambaye hakumpenda babu yako, akasema, "Bon, leo hatutoki. Ndoa itangoja." Nilijua ikingoja haitafungwa tena.

Garajini mlikuwa na trekta kuukuu ya bustani, yenye bamba la kusukumia theluji, ambayo mimi na babu yako tulikuwa tukiitengeneza wenyewe. Nikavaa buti chini ya gauni. Nikajaribu kuiwasha trekta, haikuwaka. Nikafungua bougie, ile plagi ya injini, nikaipangusa, nikairudisha, nikapanda na kuwasha tena, ikanguruma.

"Shuka, mutoto," tonton akasema. "Batu batakucheka."

"Bacheke, tonton. Leo naolewa."

Nikasukuma theluji polepole mpaka kanisani, naye akanifuata na gari lake katika njia niliyoifungua. Mlangoni akanipa mkono, tukaingia pamoja.

Niliogopa sana, Naomi. Lakini mguu sikuutoa kwenye pedali.

Nakukumbatia,
Kambo yako, bibi akupendaye