Mto Ambao Hatukuuchora

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumapili, tarehe kumi na nne.

Mpendwa binamu yangu Wino,

Kwanza nipokee hivyo hivyo nilivyochelewa. Barua yako ya mwisho ina miezi mitano kabatini, chini ya nepi, na kila nikifungua kabati inanitazama. Mwanzoni sikujibu kwa sababu ya uchovu. Baadaye sikujibu kwa sababu ya hasira, na hasira nayo inataka muda wake ipoe, la sivyo mtu huandika maneno ambayo hakuna kifutio cha kuyatoa. Nisamehe kwa huko kukawia. Kwa mengine yaliyomo humu sikuombi msamaha.

U hali gani? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimetulia? Unakula, au bado unasahau kula ukiwa na kazi mezani? Sisi huku tu wazima, tunashukuru. Mdogo ana miezi tisa, anaota meno mawili ya juu kwa mpigo na anautangazia mtaa mzima. Baba Chiriku amepata kazi ya mabomba kwenye jengo jipya, anarudi amelowa kama kitambaa cha kudekia. Mimi bado niko kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, napiga pasi na kukunja mashuka. Siku ya mashuka mia mbili, mikono inakuwa si yangu. Mama yako, shangazi yangu, magoti yanamsumbua lakini ulimi hauna ugonjwa wowote.

Chiriku amefikisha miaka saba. Jina hilo la utani ulimpa wewe mwenyewe siku ulipokuja kumwona, hata kutembea hajaanza, na amelitendea haki: akifumbua macho tu anaanza kuongea. Ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Unajua nimemlea kwa hadithi zetu. Vitu vya kuchezea sina, lakini ninayo ile nchi tuliyoitunga mimi na wewe nyumbani kwa mama yako. Nikimwogesha namweleza Majitu yetu yenye haya, yanayonong'ona ili sauti zao zisiwaangushe ndege. Nikimsuka namweleza Vibwengo wanaookota vilivyopotea, vifungo, soksi moja moja, meno ya watoto, kisha wanavirudisha mahali ambapo mwenyewe ameshatazama mara tatu. Nguva wetu hawajui kuimba. Kazi yao ni kuhesabu mawimbi, bahari isije ikapoteza hata moja. Na anayempenda kuliko wote ni Zimwi mlezi.

Unakumbuka Zimwi lilitokaje, Wino? Nilikuwa na miaka minane, mama yangu ametoka kuzikwa, nimeletwa kwenu na kibegi kimoja. Shangazi alizoea kututisha ili tulale: zimwi litakuja, zimwi linakula watoto wanaokodoa macho. Wewe ulishazoea. Mimi nililowesha godoro. Hukunicheka. Ulichukua daftari ukasema, "Basi tulibadilishe. Wewe sema linafanya nini, mimi nitalichora." Nikasema tumbo lake halingurumi kwa njaa, linanguruma kuwabembeleza watoto wasio na mama. Ukalichora na mikono mikubwa kama beseni, na mtoto amelala tumboni. Nikalala.

Toka hapo ukaniita Karani, kwa kuwa kila taifa la viumbe nililifungulia ukurasa wake. Meza hatukuwa nayo, tuliandika tumekaa sakafuni na daftari magotini, mwandiko ukipanda na kushuka kama njia ya mbuzi. Sheria yetu ilikuwa moja: taifa halipiti mpaka tujue linafanya kazi gani, linaogopa nini, na linaombaje radhi. Hilo la tatu lilikuwa langu. Ulilibishia wiki nzima, mpaka tukapata la Majitu: jitu likikosea linakaa chini mavumbini, hadi aliyekosewa awe mrefu kuliko lenyewe, ndipo linafungua mdomo.

Miaka miwili iliyopita ukaniomba madaftari. "Nitumie niyaone tu, Karani, nimeyakumbuka." Nikayafunga vizuri pamoja na ile ramani ya nchi yetu, nikampa dereva wa lori anayekuja huko kwenu. Ukajibu yamefika, unayatunza kama mboni ya jicho. Nilifurahi kama mjinga.

Sasa sikiliza. Mwalimu wa Chiriku alileta kitabu kipya darasani, akaanza kuwasomea. Hakufika ukurasa wa nne, mwanangu akasimama akamalizia hadithi. Mwalimu akapendezwa, akamwuliza, "Umeshakisoma?"

"Hapana, hizo ni za mama."

Darasa likacheka. Mtoto mmoja akasema, "Mama yako si anapiga pasi?"

"Anapiga pasi na anatunga," akajibu. Akaazima kile kitabu, akaja nacho mbio, nimwonyeshe jina langu.

Tulilitafuta, Wino. Jaladani kuna jina lako, kubwa kama kibao cha duka. Tukatafuta ndani, tukatafuta nyuma. Umemshukuru mchapishaji, umewashukuru rafiki zako, umemshukuru na paka wako. Paka! Chiriku alipitisha kidole mstari kwa mstari, maana ndiyo kwanza anajua kusoma vizuri, kisha akafunga kitabu taratibu. "Mama, kwa nini ulisema ni zako?"

Nimezaa mara mbili bila ganzi. Sikuumia vile.

Nilimweleza yote. Alinisikiliza kama mtu mzima anavyomsikiliza mlevi. Siku hizi nikianza hadithi ananikatiza: "Nisomee ya kweli." Ya kweli ndiyo yako. Na hiyo ya kweli, ukurasa wa thelathini na moja, Zimwi linamla mtoto, mifupa na yote, halafu kijana mwenye upanga analikata kichwa na watu wanashangilia. Umechukua majina yetu na nchi yetu, ukarudisha mazimwi pale pale tulipoyatoa. Ukurasa wa kuomba radhi nimeutafuta, nao haumo. Sasa Chiriku anavuta shuka hadi machoni. Ananiuliza, "Kumbe yanakula watoto? Mbona ulinificha?" Kwa hiyo kwake mimi ni mwizi wa hadithi, na tena nilimdanganya kuhusu mazimwi.

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Niliamini. Wewe umenijua tangu nalowesha godoro, na nimetazama sana nione ulichobakiza.

Nikueleze na hili, hata kama utacheka. Baba Chiriku, ambaye hasomi kitu kisicho na vipimo, alikuta kitabu mezani kimefunguka kwenye ramani. Akakitazama huku anakunywa chai. "Mto gani huu? Unazunguka mara tatu, hauna chanzo, hauna pa kumwagia. Fundi wake nani? Huu lazima ufurike." Nikamwambia aniondolee utani wake. Kisha nikainama nikatazama na mimi.

Wino, mto huo hatukuuchora. Nchi yetu ina mito miwili tu, na mmoja ni mkavu. Hiyo mizunguko mitatu yenye mkia ni kalamu ya zambarau ya Chiriku. Alikuwa na miaka mitatu. Niligeuka kuepua sufuria, kurudi nikamkuta amekalia ramani, anachora na ulimi nje. Sikumchapa, niliiacha hivyo hivyo. Nawe umeikuta, ukadhani ni yetu ya zamani, ukainakili kwa uangalifu wako wote na kuupa mto jina, Machozi ya Wafalme. Umeuandikia na ukurasa mzima.

Nilicheka hadi mdogo akaamka, kisha nikalia. Kukosea kila mtu hukosea. Kilichonichoma ni kwamba ile nchi ulishaisahau. Mtu hasahau idadi ya mito ya kwao. Ulikuwa unachota kwenye madaftari yangu kama mgeni anayechota kisima cha watu.

Nilimwita Chiriku nikamwonyesha: huu hapa ni mkono wako. Akautazama, umechapwa kwa bluu safi, mistari imelainishwa. "Mama, mtoto wa miaka mitatu hachori kwenye vitabu," akasema, akaenda kucheza. Simlaumu. Mimi ndiye niliyemfundisha asiamini kitu mpaka akione.

Shangazi sijamwambia. Kitabu chako amekifunga kwenye kitambaa cha meza, kila mgeni anafunuliwa kama anaonyeshwa kichanga. Juzi kaniambia, "Mwenzako kaandika kitabu, wewe umebaki kukunja mashuka ya wagonjwa." Nikasema, "Ndiyo, shangazi," nikaendelea kumkanda magoti. Furaha hiyo ni yake, siwezi kumpokonya uzeeni. Kwa shangazi nimemeza. Kwa binti yangu sitameza.

Sitaki fungu la pesa za kitabu, wala sitapeleka maneno kwa watu. Wala sijaacha kukupenda. Undugu si shuka, useme utaukunja uuweke kabatini. Ninachotaka ni mwanangu aamini tena mdomo wa mama yake, na alale bila kujifunika uso. Peke yangu nimejaribu nimeshindwa. Bila wewe haliwezekani, na wewe huna sababu ya kunikatalia.

Baba Chiriku anakusalimu, anasema huo mto uufungulie njia. Mdogo anakusalimu kwa mate. Shangazi anauliza utakuja lini, na anakuagiza uvae sweta. Chiriku nilimwuliza kama ana salamu kwa mjomba wake. Akasema bado anafikiri.

Mungu akulinde huko uliko, akupe kifua kizima, na akufumbue macho uwaone uliowaacha.

Ni mimi, nikupendaye hata nikiwa na hasira,
Karani.

Vya kunitumia ni hivi. Dereva ni yule yule, atapita kwako mwisho wa mwezi:

Madaftari yote manne na majalada yake. La pili ndilo lenye ukurasa wa kuomba radhi, usiung'oe.

Ramani. Usiisafishe, na usiikunje pale penye zambarau.

Picha ya kwanza ya Zimwi na mtoto tumboni. Kama uliitupa, chora nyingine, mikono iwe mikubwa kama beseni.

Kalamu moja ya rangi ya zambarau. Ile iliisha.

Barua kwa Chiriku, si kwangu. Iwe fupi, isitoke kwenye mashine, na maneno yawe yale ambayo mtoto wa miaka saba anaweza kuyasoma bila mimi. Mwambie nani alisema na nani alichora. Mwambie ule mto ni wake. Mwambie Zimwi halili watoto. Na uiandike umekaa chini, sakafuni, karatasi magotini. Ukiiandikia mezani nitajua.