Damu ya Kumtoa Mama Woga

Jumatatu, 3 Machi
Sare tatu zimekwisha. Vidole vizito asubuhi, kama kawaida. Cherehani haina huruma. Mama ameshindwa kushika kikombe. Magoti na viganja vimemvimba. Alhamisi nampeleka hospitali Mbarara.

Alhamisi, 6 Machi
Mama na sindano! Amekimbia vita Kivu na mtoto mgongoni, leo sindano ya kupimia damu imemtoa jasho. Kwetu mgonjwa akiogopa dawa, anayemuuguza huonja kwanza. Akaniambia, "Anza weye. Nikiona haukufe, na miye nitatoa." Daktari akacheka, akauliza kama nami naumwa popote. Nikataja vidole. Akaniandikia kipimo kilekile. Nikatoa mkono huku nachekacheka kama mwehu. Mama akafuata.

Alhamisi, 13 Machi
Nimekwenda kuchukua majibu peke yangu. Tatizo la mama ni viungo vilivyolika kwa umri na jembe. Mwenye baridi yabisi ni mimi. Mimi! Miaka thelathini na moja. Daktari anasema kinga ya mwili wangu imegeuka, inashambulia viungo vyangu, na alama zake zimejaa kwenye damu. Zikiwa juu hivi, ugonjwa huelekea kuwa mkali. Vidole hupinda. Fundi wa nguo bila vidole ni nani?

Nimemwambia daktari wamebadilisha chupa zetu za damu. Hakukasirika. Kachukua damu nyingine.

Mama nimemdanganya kwamba majibu bado.

Jumatatu, 17 Machi
Sijashona. Natazama vidole tu. Nina hasira na Mungu, na mama, na kila mtu. Nisingeanza mimi, ningekuwa mzima. Upumbavu, najua.

Alhamisi, 20 Machi
Hakuna chupa iliyobadilishwa. Nimelia mbele ya daktari bila aibu. Akasema kwa adabu ya huku, "Usilie, nyabo. Mikono bado iko mzuri. Dawa tunaanza leo leo." Vidonge vya mara moja kwa wiki, na kurudi kupimwa damu.

Jumapili, 23 Machi
Nimemwambia mama baada ya ibada. Akasema, "Ni miye njo nilikuambia uanze." Anadhani kanihamishia ugonjwa wake. Nikamweleza kwamba bila woga wake ningegundua vidole vikiwa vimeshapinda. Sijui kama ameamini.

Alinishika mkono. Akavinyoosha vidole vyangu kimoja kimoja, polepole, kwa vidole vyake vilivyovimba. Vyote vilinyooka.