Nani Alikufundisha Kukunja Pierogi?

Mwanangu Rukia,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hushikiki. Nikikuuliza masomo, sauti yako inasikika kama uko hapa uani. Nikikuuliza Jumapili unashindaga wapi, mtandao wa Poland nzima unaanguka. Basi soma, karatasi haikatiki. Na usihofu, baba yako hataiona hii. Yule hasomi kitu kirefu kuliko msimamo wa ligi.

Nataka turudi kwenye ile Jumamosi ya likizo yako, ulipotupikia pierogi, mapishi ya huko uliko.

Unakumbuka ulivyoingia na zile soseji? Ulikuwa umezunguka nusu ya Mwananyamala kutafuta za ng'ombe, ukaziweka mezani na karatasi yake ili shangazi yako asome mwenyewe. Shangazi Mwanahawa akasoma, akageuza, akanusa, akanigeukia: "Wifi, soseji ni nyama iliyojificha. Kwa nini ijifiche?" Ukamkaangia kipande aonje. Alikula vitatu, kisha akasema bado ana wasiwasi.

Sasa mie wasiwasi wangu haukuwa kwenye soseji. Ulikuwa kwenye mikono yako.

Wewe ni mtoto wa muuza sambusa. Umekulia kwenye sambusa, umesomeshwa kwa sambusa, na miaka yote hiyo hukuweza kukunja hata moja. Zako zilikuwa zinafungua midomo kwenye mafuta, nakupa uzile mwenyewe, maana wateja wangenikimbia. Ukaniambia, "Mama, mikono yangu mizito, niache nikatekate vitunguu." Nikakuacha. Nilikosea, au nilichoka, sijui.

Halafu siku hiyo ukakanda unga kwa maji ya vuguvugu bila kupima kitu, ukaufunika kitambaa upumzike. Ukaponda viazi, ukachanganya na soseji na vitunguu ulivyokaanga. Ukasukuma, ukakata viduara kwa mdomo wa glasi, kijiko cha mchanganyiko katikati, ukakunja, na vidole vikaanza kutembea ukingoni: bana, sogea, bana, sogea, kama mtu anayesuka ukili. Hukuangalia hata chini. Ulikuwa unabishana na baba yako habari za mpira.

Nikajisogeza nisaidie. Nikanyunyiza unga kidogo ukingoni, kama ninavyofanyaga kwenye chapati. Ukanipiga kofi la mkononi. Mie, mama yako!

"Usiweke unga pembeni, haitashika! Nimekwambia mara ngapi?"

Hukuwa umeniambia hata mara moja.

Ukacheka, ukaniomba radhi, ukanibusu mkono uleule ulioupiga. Lakini mie nilishasikia. Ile sauti haikuwa yako, Rukia. Ilikuwa ya mwanamke mtu mzima, mwenye jiko lake, aliyekukaripia kwa kosa hilohilo mpaka maneno yake yakahamia kinywani mwako.

"Nani kakufundisha?" nikauliza.

"Wenzangu wa hosteli, mama."

"Hosteli nayo inakaripia?"

Ukaondoka haraka kwenda kuangalia maji kama yamechemka. Maji yalikuwa hayajabandikwa.

Usiniambie namshuku mtu bure. Mgeni hakaripiwi. Mgeni anakaa sebuleni, analetewa sahani, anaambiwa kula usione haya. Najua ninachosema. Kukunja sambusa mie nilifundishwa na bibi yako, mama wa baba yako, kule Temeke. Aliniita nikamsaidie kwenye shughuli ya maulidi. Shughuli ikaisha, kuitwa hakukuisha. Siku aliyonigombeza mbele za watu kwa kuchana manda za sambusa, nilirudi nyumbani nalia. Mama yangu akacheka mpaka akakaa chini: "Basi wameshakuchagua." Mwezi haukuisha, posa ikaja.

Kwa hiyo huko kuna mama. Na mama hawezi kuwa na subira ya kumfundisha mtoto wa watu kitu kigumu namna ile kama hana kijana wake pembeni anayesubiri kula.

Siku ile sikukuuliza zaidi. Baba yako alikuwa anachovya kwenye maziwa mgando na kusema, "Mama Rukia, hizi si sambusa zilizozama?" huku anaongeza sahani ya tatu. Sikutaka kumkatisha.

Ulipoondoka nilijaribu peke yangu. Unga wangu ni wa miaka ishirini na mitano ya kazi, nikasema pierogi ni nini mbele yangu? Nikazitia kwenye maji ya moto, zikafunguka zote. Baba yako alikula kwa kijiko, akauliza uji wa soseji unauzwa bei gani. Nilicheka naye. Kisha nikaenda kuosha sufuria, na huko nikalia kidogo, si kwa sababu ya uji.

Nisikilize. Huyo kijana sina ugomvi naye, hata kama nina maswali mengi, na la kwanza ni dini yake, unajua hilo. Ninayemwonea wivu ni mama yake. Miaka kumi na tano nilikuwa na mikono yako hapa jikoni, sikuiweza. Yeye amekupata kwa misimu miwili ya baridi. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba anajua jambo lako ambalo mie ninalibahatisha kwenye ukingo wa unga. Nikikuuliza utarudi ukimaliza, unasema "tutaangalia, mama." Wewe na nani mtaangalia?

Hivi unaniogopa? Au unadhani nikishajua nitakuambia urudi na ndege ya kesho? Huenda ningesema hivyo, kwa dakika kumi za mwanzo. Nivumilie hizo kumi.

Nipigie Ijumaa, saa saba mchana ya huku, baba yako akiwa msikitini. Tutakuwa na saa nzima. Usianze na hali ya hewa, sitaki kusikia theluji imefika wapi. Anza na jina lake, kisha la mama yake, kisha uniambie kama unarudi au huwezi tena kurudi. Niambie mie kwanza. Baba yako nitamtafutia siku timu yake imeshinda.

Nakuachia hapa, mafuta yameshapata moto na wateja wananiita.

Mama yako, anayekushuku na kukupenda kwa kiasi kilekile