Nilishindwa Kujisema

Kakuma 1, Zoni 2,
Turkana.
Alhamisi, 12 Februari 2026.

Mpendwa Mjomba Makur,

Pokea salamu zetu kutoka huku, kwenye vumbi na jua lile lile unalolijua. Mama hajambo, ila mgongo unamsumbua akibeba maji. Sisi wengine tunapumua. Je, wewe? Anti Adeng na watoto wanaendeleaje? Homa ya Atem iliisha? Tunaomba Juba iwe imetulia.

Nakuandikia Kiswahili kwa makusudi. Wewe ulisomea hapa kambini, na nyumbani kwetu anayekisoma ni mimi peke yangu. Simu ni ya baba mdogo Majak, na hata ningeipata, unanijua, sauti ingekatika.

Mwezi uliopita niliitwa intavyuu Lodwar. Shirika moja lilitaka mkalimani wa Kidinka wa kuwasaidia akina mama wa kambini wanaopelekwa hospitali kule kujifungua. Baba mdogo alikuwa ameniahidi kwamba nikipata kazi, habari ya kuolewa itangoja. Nikatafuta kibali cha kutoka kambini, nikaenda na sketi ya shule kwa sababu ndiyo sketi yangu nzuri.

Mezani walikuwa Madam Jerotich na Bwana Losike. Maswali ya lugha niliyajibu. Halafu Madam akauliza, "Tuambie una uwezo gani. Kwa nini tukuchukue wewe?"

Mjomba, maneno nilikuwa nayo. Shuleni tulifundishwa. Lakini wewe uliwahi kumsikia msichana wetu akijisifu mbele ya watu wazima? Sifa zake husemwa na watu wake, yeye ameinamisha kichwa. Basi nikainamisha kichwa.

Losike akanihurumia. "Ejok, ni sawa, msichana. Sema tu, hapa hakuna mtu atakula wewe."

Nikasema, "Waulizeni watu wetu. Wao ndio wananijua."

"Sasa tuajiri wewe ama watu wenu?" Madam akasema. Hakusema kwa ubaya. Nafikiri aliona nina kiburi.

Kazi alipata Asekon, Mturkana niliyemaliza naye fomu foo. Kidinka chake ni cha kuuzia makaa, lakini alijisema. Tulipokutana sokoni akanitania, "Akuol, kwani ulienda intavyuu ama matanga?" Nikacheka naye. Nyumbani nililia.

Jumapili wakaja watu wa Ajak. Huyo ndiye anayetaka kunioa, na ni mtu wa rika lako. Wanaume walikaa nje chini ya turubai, mimi na Mama tulikuwa ndani tunapika chai. Ukuta ni mabati, kila kitu unasikia. Baba mdogo akaanza kunisema. Kwamba nina lugha nne. Kwamba Baba alipokuwa anakufa nilimgeuza kitandani mpaka siku ya mwisho na hakuna aliyenisikia nikilalamika. Kwamba mke wa jirani aliposhikwa na uchungu nilimtafsiria mkunga huku nimemwachia mkono wangu auume, na mtoto akatoka mzima.

"Na huyu hajibizani na mtu," akamalizia.

"Hapo sasa umeongeza ng'ombe!" mmoja wao akasema, wakacheka wote.

Majibu yote aliyoyataka Madam Jerotich yalikuwa pale nje, yamepangwa vizuri, yanapandisha mahari. Mimi nimesimama na birika. Mama anakoroga chai ambayo haikuwa na sukari ya kukoroga.

Simchukii baba mdogo. Chakula cha kambi kimepunguzwa, na watoto wake wananitazama nikila. Ameona njia moja tu. Lakini njia yenyewe ni mimi.

Sasa wanangoja neno lako. Mgao wa mjomba katika mahari ni wako, na ukiukataa hakuna ndoa. Najua nakuomba uachie ng'ombe na nyumba yako ina watoto. Naona aibu.

Kwa hiyo nitajisema, na unisamehe. Mimi Akuol nina akili. Nikimtafsiria mgonjwa sipunguzi neno wala siongezi. Watu nawaogopa, lakini damu siiogopi, na kazi siiogopi. Nataka kuwa mkunga. Ajak simtaki.



Mama anakusalimu sana. Hajui kusoma ninachoandika, lakini amekaa mlangoni anachambua maharagwe aliyokwisha kuyachambua, ili mtu asiingie. Nisalimie Anti Adeng, Atem na wadogo zake wote. Mungu asimame mlangoni pako, na asikuache wewe wala walio wako.

Barua hii anaibeba dereva wa lori anayepitia Lokichoggio, na barabara ni mbaya. Baba mdogo na wenzake watakupigia simu Jumamosi. Kama wamenitangulia na umeshasema ndiyo, Mjomba, piga tena useme hapana.

Mpwa wako anayekupenda,
Akuol