Bati la kulia lilishuka, la kushoto likakataa

Mtaa wa Kapata, Jumanne, mwisho wa kiangazi. Mwaka wa tano tangu nitoke kwetu Musumba. Joto, vumbi, mawingu yanayotisha bila kunyesha.

Sina hamu ya kuandika, lakini nikinyamaza nitalia.

Wanaonisoma wanaijua ndege ya Tata Kabwe. Kwa wageni: Tata ni mzee jirani yangu, alikuwa mchomeleaji mgodini, na anaunda ndege uani kwake kwa mabomba ya alumini na injini ya gari bovu. Mimi nilikuwa mchimbaji. Bei ya kobalti ilipoanguka tukafukuzwa shimoni, nikaanza kumsaidia. Hanilipi. Aliniahidi kiti cha nyuma mpaka Musumba, kwa mama yangu ambaye miguu imemwishia nguvu.

Mara ya kwanza ndege iliruka kutoka barabarani kimo cha nyumba, kisha ikakataa kutua. Ikaelea tu mpaka barabara ikaisha, ikaishia kwenye kichuguu. Na uwanja wa Musumba ni mfupi kuliko barabara hiyo. Ndipo Tata akasema tuongeze vole, yaani mabati mawili nyuma ya mabawa, ambayo rubani anayateremsha ili ndege ipunguze mwendo.

Bawaba za kuyashikilia hazikutusumbua kuzipata. Kampuni ya mgodi inataka shaba iliyo chini ya nyumba zetu, na Jumamosi buldoza linafika mtaa huu. Kila mtu anang'oa milango yake aende nayo. Mimi nilitoa bawaba zangu. Sasa mlango wangu nauegemeza tu.

Waya za kuteremshia mabati tulitumia za breki za pikipiki, moja kila upande.

Leo asubuhi tulijaribu. Watu walisimama na magodoro kichwani. Mama Chantal, muuza mihogo, akapaza sauti: "Tata, ile kuku yako itaruka leo, ao tuitie mu chungu?"

"Utakula manyoya, mama!" Tata akamjibu, na hata mimi nikacheka.

Aliruka peke yake. Alipoteremsha vole ili atue, waya wa kushoto ukakatika. Bati la kulia likashuka, la kushoto likabaki pale pale. Bawa la kulia likainuka, la kushoto likapiga udongo na kukunjika.

Tata alitoka na mkono uliovunjika. Nilimfunga kwa kitambaa.

"Mwana, tulipashwa kufunga zote mbili ku chuma kimoja," akasema. "Zishuke pamoja, ao zikatae pamoja."

"Tutatengeneza, Tata."

"Wapi? Jumamosi hapa ni shimo."

Nikakaza fundo la kitambaa.

Mchana akaja mtu anayeyeyusha alumini kutengeneza sufuria. Tata akamuuzia bawa lililovunjika, kisha na lile zima, apate nauli ya kwenda kwa binti yake Likasi. Walipokuwa wanapakia, Tata alitazama ukuta.

Mimi nimebakiza bati la kulia, lile lililotii. Bado lina bawaba za mlango wangu. Litaziba paa la Mama kule Musumba.

Ndugu yangu Musa, ukipata mtandao huko: nilimwambia Mama akae nje asikilize mlio wa ndege juu. Mwambie aache. Atazame barabara. Jumapili natafuta lori, na litakapokwama nitashuka nitembee. Nitafika wakati wa kupanda mahindi, mvua ikinipa njia.